Kwanza Kaa Sakafuni

Wadogo zangu mnaojiandaa kusafiri kwenda Ujerumani, wazazi mliokuja kuwasindikiza, na walimu wa Kijerumani mliokaa kule pembeni kama wasimamizi wa mtihani: wanaostahili shikamoo, shikamooni, wengine, mambo vipi. Itifaki imezingatiwa.

Kwenye ratiba nimepewa dakika ishirini za "fursa za vijana nje ya nchi". Hilo neno fursa limetajwa mara tisa tangu asubuhi. Nimehesabu kwa vidole, kimebaki kimoja. Mimi nitaongelea sakafu.

Nilifika Hamburg Agosti 2022, nikiwa na miaka 23, kujitolea kwa mwaka mmoja. Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu 2010, basi mimi nikajua nakwenda kwa ndugu. Na kweli nilipokelewa vizuri. Mkuu wa Kita, yaani kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani. Akanizungusha: vyoo vidogo vya kufika magotini, vigingi vya kutundikia makoti, kila kigingi na picha yake, huyu chura, huyu treni, huyu uyoga, kwa sababu wenye makoti hawajui kusoma. Mwisho akanifikisha chumba cha wadogo kabisa, wa mwaka mmoja hadi mitatu. Akaninyooshea kidole kona ya kapeti, chini ya dirisha. Kaa pale, akasema. Kaa chini. Usimfuate mtoto, usimbebe, usimwite. Akija mwenyewe, sawa. Asipokuja, hajaja.

Sasa mnijue. Kabla ya hapo nilikuwa nimesaidia kazi miaka miwili kwenye kituo kimoja cha watoto nje kidogo ya Arusha. Naweza kumfunga mtoto mgongoni kwa khanga nikakoroga uji wa watu thelathini, na bado nikamkanya mwingine asicheze na moto. Leo nimevuka bahari, naambiwa nikae kama chungu.

Nikakaa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Miguu inakufa ganzi, naibadilisha. Mtoto mmoja alikuja akaniwekea tofali la mbao juu ya kiatu, akaniangalia, akalichukua, akaondoka nalo. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya siku nzima. Jioni nikamwandikia mama: "Huku napewa posho ya kukaa." Akajibu: "Mshukuru Mungu."

Kwenye chumba hicho alikuwepo mgeni mwenzangu. Nitamwita Buti, kwa sababu ya buti zake nyekundu za mpira ambazo alikuwa havui hata ndani. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu na ndiyo kwanza anaanza. Baba yake ndiye aliyemleta, na baba hakuondoka. Mimi nilidhani ni mzazi mwoga. Kumbe ndivyo ilivyopangwa. Wenyewe wanauita mtindo wa Berlin, ulitengenezwa mjini humo miaka ya 1980, na unakwenda hivi: siku tatu za kwanza mzazi anakuja na mtoto, wanakaa kama saa moja, wanarudi nyumbani pamoja. Hakuna kuachana. Siku ya nne ndipo mzazi anaaga na kutoka nje, dakika chache tu, na anabaki korido. Na hiyo siku ya nne isiwe Jumatatu! Ikiangukia Jumatatu mnasubiri Jumanne, maana mtoto ametoka kukaa wikiendi nzima na wazazi, amewazoea upya.

Siku ya nne ya Buti nilimwona baba mtu amesimama nyuma ya mlango, kikombe cha kahawa mkononi, hanywi. Ndani mtoto analia. Mlezi wake, mmoja na yuleyule tangu siku ya kwanza, akamkalisha mapajani akamsubiri. Hakutulia. Basi baba akarudishwa ndani, na kesho yake hawakujaribu tena kumwacha. Wiki tatu, ndugu zangu. Wiki tatu za mtu mzima mwenye kazi yake kukaa kwenye kiti cha sentimita thelathini, ili mtoto wa mwaka na nusu akubali kwamba huyu mama mwingine naye ni wa kukimbilia.

Mimi nilikuwa kona yangu naangalia. Na hapo ndipo kituo cha Arusha kilipoanza kunirudia kichwani, na sikukiita.

Kule kwetu mgeni wa kujitolea alikuwa anashuka uwanja wa ndege wa KIA usiku, asubuhi anapewa chai, saa nne ana mtoto mkononi. Mtoto wa miezi minane, anakabidhiwa msichana wa miaka 18 ambaye hajui hata jina lake. Anakaa wiki mbili, akizidi mwezi. Anaondoka, anakuja mwingine. Watoto walikuwa wanawakimbilia getini, wananing'inia mikononi wawili wawili, wageni wanalia kwa furaha. Sisi tulikuwa tunasema, jamani watoto wetu wana upendo. Wimbo wa kukaribisha wageni niliwafundisha mimi. Naomba hilo lisisahaulike nitakapokuwa nawasema wengine.

Nilipokuwa kwenye semina huko Ujerumani ndipo nikasikia habari za Bucharest. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti kutoka Marekani walifuatilia watoto 136 waliokuwa wanakulia kwenye vituo vya serikali ya Romania. Nusu wakatafutiwa familia za kuwalea, nusu wakaendelea na malezi yaliyokuwepo. Waliwafuatilia miaka mingi, na mambo ni mengi, lakini lililonitoa jasho ni moja. Watoto walipokuwa wakubwa kidogo walipimwa hivi: mtu wasiyemjua anagonga mlango, anamwambia mtoto, twende. Waliokulia kituoni ndio waliokuwa wepesi zaidi kuondoka naye. Mtoto wa Hamburg aliyeniwekea tofali kwenye kiatu na kulichukua alikuwa mzima. Wale walioning'inia mikononi mwa wageni ndio waliokuwa na neno.

Kule Arusha, kila Ijumaa ya pili tulikuwa na sherehe ya kuaga. Chipsi, soda, keki yenye bendera. Kuna mtoto wa kama miaka sita, siku moja alikichukua kiatu kimoja cha dada wa Kizungu aliyekuwa anaondoka, akakifukia kwenye ndoo ya unga wa ugali. Gari linapiga honi nje, dada anaruka kwa mguu mmoja, sisi tunatafuta. Kilipopatikana tukacheka, tukamwita mwizi wa viatu, jina likamkaa. Mwezi uliofuata akaaga mwingine, na huyu hakuficha kitu. Alikula chipsi zake pembeni. Nikasema, afadhali, mtoto amekua.

Siwatukani waliokuja. Wengi walikuwa vijana wazuri, walilipa kwa fedha za kuosha vyombo mahotelini kwao, na waliamini wanasaidia. Lakini wengi wa watoto wetu walikuwa na bibi, au shangazi, au mama kabisa, aliyeshindwa ada na chakula. Fedha ya tiketi moja ya ndege ingemweka bibi na mjukuu wake nyumba moja muda mrefu tu. Majirani zetu Kenya walishaliona: Novemba 2017 walisimamisha usajili wa vituo vipya vya watoto, na mwaka 2022 wakatoa mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo, Desemba 2019, lilizitaka nchi ziangalie madhara ya huu utalii wa kujitolea kwenye vituo vya yatima. Kwa hiyo ukirudi, na rafiki yako wa Kijerumani akikuuliza ni kituo gani aje kubeba watoto wiki mbili, unajua pa kuanzia kumjibu.

Haya, makaratasi, maana naona wazazi wameanza kuangalia saa.

Njia ni mbili kubwa na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni au pair. Unakaa nyumbani kwa familia, unasaidia watoto na kazi ndogondogo, mwisho saa 30 kwa wiki. Posho ni euro 280 kwa mwezi, na familia inachangia euro 70 za kozi ya lugha. Uwe hujafikisha miaka 27 unapoomba viza, uwe na Kijerumani cha A1, yaani ngazi ya mwanzo, na ni mwaka mmoja, hauongezwi. Familia ikikuambia hata kabla hujafika kwamba utapika, utafua, utalala na mtoto mchanga na Jumapili utafagia uwanja, hao wanatafuta mfanyakazi wa ndani wa bei nafuu. Kataa mapema, ukiwa bado kwenu.

Ya pili ndiyo niliyopita mimi: huduma ya kujitolea ya serikali, kwa kifupi BFD, iliyoanza Julai 2011 wakati Ujerumani iliposimamisha jeshi la lazima. Zamani kijana aliyekataa bunduki alipelekwa kusukuma wazee kwenye viti na kulisha wagonjwa. Jeshi la lazima liliposimama, hao nao wakakosekana, ndipo mlango ukafunguliwa kwa wa hiari. Mpango wa weltwärts, wa serikali hiyohiyo, ulikuwa unaleta vijana wa Kijerumani kujitolea kwetu tangu 2008, na mwaka 2013 ndipo ulipoanza kuwapeleka na wa kwetu kule, umri 18 hadi 28. Kwenye mpango huo hulipi kiingilio. Chumba, bima, tiketi na posho ndogo vina mlipaji. Dalali yeyote anayekuomba milioni mbili za "kushikilia nafasi", mwache aishikilie.

Kuna vitu vitakushangaza. Utatakiwa hati ya polisi ya tabia njema, alama za vidole, yote hayo. Na utatakiwa uthibitisho wa chanjo ya surua, kwa sababu tangu Machi 2020 sheria yao haimruhusu mtu kufanya kazi Kita bila hiyo. Nikampigia mama. Akaenda uvunguni, akatoa kopo la biskuti, ndani yake kadi yangu ya kliniki ya mwaka 1999, imekunjwa mara nne, imeliwa na mende kwenye pembe moja. Mhuri wa surua mmoja unasomeka, wa pili hakuna. Nikachomwa tena. Pale Umoja House, ubalozini Dar es Salaam, kwenye viza nilikuwa na bahasha nene kuliko ya mtu anayenunua kiwanja.

Nilinuna kuhusu hayo makaratasi mpaka nilipojiuliza: kwa kituo cha Arusha, miaka miwili, nani aliniomba hati ya polisi? Hakuna. Na wale wageni, nani aliwaomba? Kuna waliokuja na barua ya mwalimu wao wa michezo.

Kazi yenyewe sasa. Jizoeze kuitwa jina tupu. Mtoto wa miaka mitatu hana dada wala anti, anakuita jina lako kama mnadaiana. Wiki ya kwanza nilikuwa nageuka na uso wa kuchapa. Halafu Kijerumani chako kitasahihishwa na watu wanaovaa pampasi, na hawakusahihishi kwa huruma. Mvua ikinyesha mnatoka nje, tena ndiyo mnatoka hasa: kuna suruali za mpira za kuvalia matopeni, watoto kumi na wawili, suruali kumi na mbili, kila moja ina kamba mbili za mabegani. Ukimaliza kumvalisha wa mwisho, wa kwanza anataka chooni. Kumbadilisha mtoto pampasi sikuruhusiwa kwa miezi miwili, mpaka watoto waniruhusu wao. Ndiyo, wao. Mlezi anauliza, unataka nani akubadilishe? Mtoto ananyoosha kidole. Kupiga picha, simu inabaki kabatini. Kila mzazi ametia saini nini kipigwe, nani apige, kiwekwe wapi. Mimi nina picha tatu tu za mwaka mzima na zote ni za mti uliopo uani. Wakati huohuo watoto wetu wa Arusha wapo kwenye simu za watu dunia nzima, wamekaa mapajani kwa wageni, na hawajui.

Msidhani nasema kule ni peponi. Tangu Agosti 2013 kila mtoto wa Ujerumani aliyetimiza mwaka mmoja ana haki kisheria ya kupata nafasi ya malezi ya mchana. Haki ilikuja haraka, walezi hawakuja haraka, kwa sababu mlezi wa kule anasomea miaka mitatu au zaidi. Kwa hiyo kuna uchovu, na uchovu ukizidi wanamwangalia wa kujitolea. Sheria inasema wazi kwamba wa kujitolea haendi kuziba nafasi ya mwajiriwa. Lakini Novemba mafua yalipiga, walezi wawili wakaumwa siku moja, na nikaambiwa: kaa nao dakika kumi tu.

Dakika kumi zikawa saa moja na robo. Watoto kumi na moja. Mmoja akaanguka kwenye kiti, akajing'ata mdomo, damu. Ninambeba huyu, wawili wanaamua kulia kwa mshikamano, Buti amesimama mlangoni anaita baba. Hakuna lililoharibika zaidi ya mdomo, namshukuru Mungu. Lakini jioni nilikwenda ofisini kwa yule mama wa miwani. Natetemeka, maana kwetu mkubwa humwambii hapana usoni, unamwambia tutaona. Nikamwambia kwa Kijerumani cha kuungaunga: sitakaa peke yangu nao tena. Akawa mwekundu. Nikajua nimefukuzwa. Akavuta pumzi, akasema, una haki, kosa ni langu. Na halikurudiwa.

Zile siku 25 za semina ndani ya mwaka, ambazo wengi mtaziona za kupoteza muda na kucheza michezo ya kushikana mikono, ndipo nilipojifunza kwamba naruhusiwa kusema sentensi ile. Nendeni. Hata ile ya kushikana mikono.

Na kabla hujasaini popote, kule au hapa hapa nchini, uliza nani atakusimamia, na jina lake. Uliza utaachwa peke yako na watoto au la. Uliza siku yako ya mwisho wanaiandaaje. Hilo la tatu ukiliuliza wengi watakushangaa. Wakikushangaa, tayari wameshakujibu.

Sisi tuliiandaa hivi. Siku thelathini kabla, mlezi alitundika mnyororo wa pete za karatasi, pete moja kwa kila siku, na kila asubuhi mtoto mmoja anachana moja. Mtoto wa miaka miwili hajui Julai ni nini, ila anaona mnyororo unafupika. Tukawa tunasema kila siku, bila kuficha, kwamba pete zikiisha nitapanda ndege. Hakuna "nitarudi kesho". Hakuna kutoka kimyakimya watoto wakiwa wamelala, ambavyo ndivyo wengi wetu tulivyoachwa na mama zetu kila alfajiri, na tunajua tuliamkaje.

Buti ndiye aliyechana pete ya mwisho. Alikuwa na miaka miwili na miezi kadhaa, na mwaka mzima wa ujuzi juu yangu. Siku aliyonijia mara ya kwanza, ilikuwa ya kumi na saba, alinipa buti moja nimvalishe, ya mguu wa kulia, akaleta ule wa kushoto. Nikamvalisha hivyohivyo, mimi nani nikatae? Siku ya mwisho alichana pete, nusu akaiweka mdomoni, nusu akanipa, akaenda zake kwenye mchanga. Hakulia. Mlezi akaniambia, umeona, hiyo ndiyo tunayotaka. Mimi nililia kwenye treni, vituo vinne, mama mmoja wa Kituruki akanipa tishu bila kuniuliza.

Wiki hiyohiyo alikuwa amefika wa kujitolea mpya, kijana wa hapohapo Hamburg, ametoka kumaliza shule. Aliingia chumbani akachuchumaa, akafungua mikono yote miwili, tabasamu hadi masikioni, akaanza kuwaita watoto mmojammoja. Watoto wakasimama wakamwangalia. Nikamgusa bega, nikamwonyesha kona ya kapeti, chini ya dirisha. Palikuwa pamebonyea kidogo.

Naona kule nyuma kuna mkono umeinuliwa tangu nilipotaja euro 280. Haya dada, uliza.